Antivirusi moja imesema 4, nyingine imesema 847: nisadiki ipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Laptopu yangu ya Windows 10 imeanza kuwa nzito, na kwenye kona ya chini kulia kuna matangazo yanaruka kila mara yakisema kompyuta ina virusi. Nimeiskani kwa Defender iliyokuja na Windows yenyewe, ikanipa vitu 4: HackTool:Win32/AutoKMS, Worm:VBS/Jenxcus!lnk, PUADlManager:Win32/OfferCore na Trojan:Win32/Wacatac.B!ml. Hicho cha mwisho kimekamatwa kwenye programu ndogo ya kujumlisha matokeo ambayo mwenzangu wa TEHAMA aliitengeneza mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Nikaogopa, nikapakua programu nyingine ya bure. Hiyo imesema nina matatizo 847 na inataka dola 39.95 ndipo iyaondoe. Fundi wa hapa mtaani anasema dawa ni kupiga Windows upya, shilingi 30,000. Humo ndani kuna alama za wanafunzi za miaka mitatu. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, habari za Morogoro. Fundi mwambie asubiri kwanza, na kadi ya benki irudishe kwenye pochi. Halafu, kabla hujagusa chochote kingine, nakili zile alama. Mafaili ya Excel ya kawaida, yanayoishia .xlsx, yapandishe kwenye Google Drive au ujitumie kwa barua pepe. Usinakili programu wala kitu chochote kinachoishia .exe. Ukishafanya hivyo hata tukiharibu kitu, tutakuwa tumeharibu laptopu tu.

Sasa swali lako. Ile ya 4 ndiyo yenye habari, ile ya 847 ni kelele. Lakini hata hizo 4 hazilingani uzito. Moja ni ya kushughulikia leo hii, moja ni alama aliyoiacha fundi aliyekupigia Windows mara ya kwanza, moja ni takataka, na moja yawezekana kabisa si virusi. Wewe unasahihisha mitihani. Ukiambiwa mwanafunzi kakosa maswali manne, hujaambiwa kitu mpaka uone ni maswali gani.

Hizo 847 tuzimalize haraka. Bofya pale panapoonyesha undani na utakuta nyingi ni vidakuzi vya tovuti, mabaki ya programu ulizowahi kufuta, na mafaili ya muda. Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti inayaacha kwenye kivinjari ili ikukumbuke ukirudi. Kinaweza kutumika kukufuatilia kwa ajili ya matangazo, lakini hakiwezi kujiendesha, kama ambavyo risiti ya duka haiwezi kukuingilia nyumbani usiku. Kuvihesabu kimoja kimoja na kuviita matatizo ni biashara, na biashara hiyo ina historia yake.

Nchini Marekani, mwaka 2019, tume ya serikali inayolinda wateja, FTC, iliibana Office Depot, duka kubwa la vifaa vya ofisi, pamoja na Support.com iliyokuwa imeipa programu ya kupima kompyuta. Mteja alipeleka kompyuta dukani ipimwe bure. Mwanzoni aliulizwa mambo manne: je, ni nzito, inaonyesha maonyo ya virusi, inazimika ghafla, inarusha matangazo? Akitia tiki kwenye lolote kati ya hayo, jibu la mwisho lilikuja na dalili za virusi. Yaani kupekua kote kule, mstari wa kijani ukitembea kwenye skrini, hakukuchangia chochote kwenye jibu hilo. Tiki ndiyo iliyojibu. Kampuni hizo mbili zilikubali kulipa dola milioni 35 kwa pamoja. Mwaka 2024 FTC hiyohiyo ikazifikia Restoro na Reimage, kampuni za Kupro. Wachunguzi walikuwa wamenunua huduma yao kimyakimya kwa kompyuta zisizo na tatizo, na bado skani ikatoa orodha ya kutisha. Hao dola milioni 26. Microsoft nayo, tangu Machi 2018, imezihesabu programu zinazokutisha ili ununue kuwa programu zisizotakiwa. Kwa hiyo hiyo ya kwako iondoe kwenye orodha ya programu zilizowekwa, na usilipe hata senti.

Turudi kwa Defender. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Protection history". Nimeziandika kama zilivyo kwenye skrini kwa sababu Windows nyingi huku kwetu ziko kwa Kiingereza. Bofya mstari mmoja ufunguke. Jicho lako litakimbilia neno jekundu "Severe". Livuke. Neno hilo linapima ubaya wa kitu cha aina ile kwa ujumla, halisemi kilichotokea kwako. Simba aliye kwenye picha naye ni mkali.

Soma jina, njia ya faili, yaani mahali lilipo kwenye kompyuta, na hali yake. Jina limepangwa kwa mtindo ambao wataalamu wa virusi wa kundi la CARO waliutunga mwaka 1991. Kabla ya nukta mbili kuna aina ya kitu: Worm ni mnyoo unaojisambaza wenyewe, Trojan ni kitu kilichovaa sura ya kingine, HackTool ni zana ya kuvunjia kufuli, na PUA, au lolote linaloanza hivyo, ni programu isiyotakiwa. Baada ya nukta mbili kuna mazingira kinamoendeshwa, kisha jina la ukoo. Mwishoni ndipo huja vile vialama watu wasivyovisoma, navyo vina habari kuliko vinavyoonekana. Tutavifikia.

Njia ya faili ndiyo inayoniambia mambo mengi kuliko yote, na ndiyo watu hawaniletei. Wananiletea picha ya neno jekundu. Faili lililoko Downloads ni gunia lililoshushwa mlangoni. Huenda hata hujalifungua. Faili lililoko kwenye kache, yaani hifadhi ya muda ya kivinjari, limepita tu na ukurasa uliousoma. Herufi E:\ au F:\ mwanzoni kwa kawaida ni flashi. Lakini ukiona AppData\Roaming, au folda ya Startup yenye vitu vinavyoanza pamoja na Windows, huyo ni mgeni ambaye tayari amepewa chumba na ufunguo. Tofauti kati ya faili lililolala na faili lililoamka ndiyo inayoamua kama unafuta tu ukaendelea na kazi, au unatafuta nywila mpya za kila akaunti uliyo nayo.

Hali ni rahisi. "Quarantined" ni kufungiwa: faili lipo, haliwezi kujiendesha, na linaweza kurudishwa ikionekana limeonewa. "Removed" limefutwa. "Blocked" limezuiwa mlangoni. "Allowed" maana yake kuna mtu aliyebofya kuliruhusu, na kama si wewe, muulize aliyeshika laptopu mara ya mwisho. "Remediation incomplete" ndiyo inayowatoa watu jasho. Inasema kazi haijaisha, na mara nyingi ni kwa sababu flashi ilichomolewa katikati ya skani. Rudisha flashi, skani tena.

Sasa Jenxcus. Hii ndiyo ya leo.

Kwa jina huenda huujui, kwa sura unaujua. Umetoka kuchapisha mitihani steshenari, umechomeka flashi nyumbani, na folda ya Mitihani ina mshale mdogo kwenye kona ya ikoni yake. Ukiangalia ukubwa, ni kilobaiti 1 au 2, folda nzima ya mitihani! Unabofya, mitihani inafunguka kama kawaida, hushtuki. Kilichotokea ni kwamba mnyoo umeificha folda halisi, ukaweka njia ya mkato (shortcut) yenye jina lilelile. Ndani ya njia hiyo ya mkato kuna maagizo mawili: kwanza endesha skripti yangu, yaani orodha ya maagizo ya mnyoo, pili mfungulie mwenye flashi anachokitaka ili asiulize maswali.

Ujanja huu una sababu. Zamani virusi vya flashi vilitegemea faili la autorun.inf, ambalo Windows ililifuata yenyewe mara unapochomeka. Windows 7 ilikuja na mlango huo umefungwa kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikaufunga hata kwenye XP na Vista kupitia masasisho. Mashine ikawa haiendeshi tena yenyewe, basi wakatafuta namna ya kukufanya wewe uendeshe kwa kidole chako. Jenxcus imeandikwa kwa VBScript, lugha ya skripti ya Windows, ndiyo maana unaona VBS kwenye jina, na kuficha folda si kazi yake kubwa. Kazi yake kubwa ni kufungua mawasiliano na mtu aliye mbali, ambaye anaweza kuiagiza ipakue chochote. Juni 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani jimbo la Nevada kuikatia mawasiliano Jenxcus na mwenzake Bladabindi, ikakabidhiwa majina ya tovuti ya kampuni ya No-IP yaliyokuwa yakitumiwa, na wateja wengi wasiohusika wakajikuta huduma zao zimekatika kwa siku kadhaa. Mnyoo wa namna hiyo si wa kuchekea.

Kile kialama !lnk mwishoni kinasema kilichokamatwa ni njia ya mkato yenyewe. Kama njia ya faili inaanza na E:\, mgonjwa ni flashi, na laptopu inawezekana ni nzima. Swali ni kama uliwahi kuibofya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, halafu Enter. Folda itakayofunguka inatakiwa iwe tupu au iwe na vitu unavyovitambua. Ukikuta faili linaloishia .vbs au .js, mnyoo umeshahamia. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Details", tafuta wscript.exe. Hiyo ni sehemu halali ya Windows inayoendesha skripti, ila kwenye laptopu ya mwalimu haina sababu ya kuonekana inafanya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ukikuta dalili hizo, usianze kuwinda faili mojamoja kwa mkono. Kwenye "Scan options" chagua skani ya Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka kwenye mazingira ya pembeni, kabla Windows haijaanza, hivyo mnyoo unapekuliwa ukiwa umelala na hauwezi kujificha. Inachukua kama dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza, na betri iwe imejaa, umeme wetu unaujua mwenyewe. Halafu hakikisha Defender imesasishwa kabla ya kuskani. Kama unatumia hotspoti ya simu na umeiweka Windows ihesabu mtandao huo kuwa wa kupimiwa (metered) ili kuokoa bando, masasisho yanaweza kuwa yamekaa foleni bila wewe kujua. Ingia "Protection updates", bofya "Check for updates".

Mafaili yaliyofichwa kwenye flashi hayajapotea. Flashi ikishaskaniwa na kusafishwa, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia maagizo, uandike hivi, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Hakikisha herufi hiyo mara mbili, na kamwe isiwe C. Folda zako zitarudi kuonekana, nawe utafuta zile njia za mkato za uongo. Ukikuta folda isiyo na jina kabisa, usishangae. Wakati mwingine mafaili halisi husogezwa humo.

Nikiri jambo hapa. Miaka ya nyuma ofisi moja iliniita kwa tatizo hilihili, nikapiga Windows upya kompyuta zote 6 jioni ya Ijumaa, nikalipwa, nikaondoka nikijisikia. Jumatatu saa nne asubuhi simu inaita: imerudi. Flashi ya karani ilikuwa kwenye mkoba wake wikendi nzima. Nilipiga dawa nyumba yote, kunguni wamelala kwenye begi. Ndiyo maana huwa sifurahii kusikia "piga Windows upya" kabla hata hajaulizwa mtu kuhusu flashi, na ndiyo maana nakuomba uziskani zote za nyumbani, pamoja na ya watoto. Siku za usoni, ukienda kuchapisha, mpe yule kijana wa steshenari PDF kwa barua pepe, au peleka flashi ambayo haina kitu kingine.

Tuje kwa programu ya mwenzako. Kialama !ml mwishoni kinasema kwamba aliyetoa hukumu ni mashine iliyofundishwa kwa mifano mingi. Wacatac ni jina la trojani wa kweli, lakini ukiona Wacatac.B!ml, mara nyingi Defender haisemi "huyu namjua". Inasema "huyu anafanana na wale". Na programu ya Python iliyofungwa ikawa .exe hufanana nao sana, bila kosa la mtengenezaji. Zana ya kuifunga huweka Python yenyewe na maagizo ya programu ndani ya kifurushi kimoja kinachojifungua kikibofywa. Watengeneza virusi hutumia zana hizohizo. Isitoshe faili lake halina saini ya kidijiti, na duniani huenda liko kwenye kompyuta tano tu, zote za shule yenu. Mlinzi akiona mtu asiye na kitambulisho, hajawahi kumwona, kabeba boksi limefungwa, atamsimamisha.

Walinzi hukosea, na wakati mwingine hukosea vibaya. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho moja la McAfee liliishika svchost.exe, faili la lazima la Windows, likidhani ni virusi. Kompyuta za XP zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma, maofisini na hospitalini. Defender yenyewe, mwanzoni mwa Septemba 2022, kutwa nzima ikawa inawapigia watu kelele za Behavior:Win32/Hive.ZY kila wanapofungua Chrome au programu nyingine za kawaida, mpaka sasisho jipya likairekebisha.

Pamoja na hayo, usilirudishe faili kwa sababu tu unamjua mwenzako na ni mtu mzuri. Kompyuta yake nayo inaweza kuwa na mgeni. Mwombe achukue faili la asili alilolitengeneza, aliskani kwenye VirusTotal. Hii ni tovuti iliyoanzia Hispania mwaka 2004, Google ikainunua 2012, na inalipitisha faili lako kwenye antivirusi kama 70 kwa mpigo. Zikilalamika tatu au nne, kila moja kwa jina lake la jumlajumla, hiyo ni dalili ya kufananishwa. Zikilalamika 40 na nusu yake zinataja ukoo uleule, hapo mwenzako ana kazi ya kufanya kwenye kompyuta yake kabla hajasambaza kitu kingine. Angalizo moja kubwa: kinachopandishwa VirusTotal huweza kuonwa na watafiti na kampuni zinazolipia huduma hiyo. Programu tupu sawa. Faili lenye majina na alama za wanafunzi, hapana. Na kama mnaweza kuachana na .exe kabisa, awape maagizo ya Python yenyewe au aiweke hesabu hiyo kwenye Excel, kelele itaisha.

Kama ingekuwa umelitoa faili hilo kwenye kiungo cha "ajira mpya" kilichosambazwa WhatsApp, na umelibofya, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa. Trojani wengi siku hizi huingia, wakachota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, wakaondoka kabla hujaona kitu. Hapo kusafisha laptopu hakutoshi. Unachukua simu, siyo hiyo laptopu, unabadilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha benki, kisha vingine, na kwenye kila akaunti unabofya kuondoka kwenye vifaa vyote. Hilo la mwisho ni muhimu, kwani mwizi huiba pia vile vidakuzi vinavyoonyesha kwamba umeshaingia, akapita bila kuulizwa nywila. Ndiyo, vidakuzi vilevile nilivyovidharau hapo juu. Kwako havikuwa tishio. Mkononi mwa mwizi ni ufunguo.

AutoKMS. Huyu hakuletwa na steshenari. KMS ni njia halali ya Microsoft ambayo taasisi kubwa hutumia kuidhinisha Windows na Office kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja. Idhini inadumu siku 180 na kujihuisha. AutoKMS inaigiza kuwa seva, yaani kompyuta kuu ya taasisi hiyo inayotoa idhini, ndani ya laptopu yako. Fundi aliyekupigia Windows au Office mara ya kwanza aliiweka ili usidaiwe leseni. Si lazima iwe inakuibia kitu. Tatizo ni namna inavyoingia: maelekezo ya karibu zana zote za aina hiyo huanza na "zima antivirusi kwanza". Ukishamwambia mlinzi akalale, huna wa kukuambia kama ulichokiweka ni zana peke yake au zana na mwenzake.

Defender ikiiondoa, mafaili yako yatabaki palepale. Windows itaendelea kufanya kazi, ikikuandikia kwenye kona kwamba haijaidhinishwa na kukunyima kubadilisha picha na rangi za skrini. Office ndiyo itakayokusumbua zaidi, maana isipoidhinishwa inaweza kufungua faili na kukataa kulihariri. Usingoje hilo likutokee wiki ya kujaza matokeo. Weka LibreOffice mapema, ni ya bure kihalali na inafungua mafaili ya Excel, au uliza shuleni kama kuna leseni za walimu.

OfferCore ni kile kisakinishi cha "PDF ya bure" au mfano wake, kinachokuja na programu tatu nyingine nyuma yake. Kiko Downloads? Futa, endelea na maisha.

Na yale matangazo ya kona ya chini si antivirusi hata kidogo. Kuna siku tovuti fulani ilikuuliza ikutumie arifa, ukabofya ndiyo ili kuondoa usumbufu. Sasa inakutumia "arifa" zenye nembo ya antivirusi maarufu. Kwenye Chrome ingia mipangilio ya tovuti, sehemu ya arifa, uondoe kila usiyoitambua. Siku ikitokea skrini nzima imejaa onyo jekundu lenye sauti na namba ya simu, ujue Defender haina namba ya simu. Shikilia Esc, kisha Alt na F4.

Uzito wa laptopu nao huenda hauhusiani na lolote kati ya haya. Ukiwa na antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja zinapigania kila faili unalolifungua, basi hata mashine mpya italia. Na Windows 10 yenyewe Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo lipo suala la kuhamia Windows 11 kama mashine inakubali. Hilo tulizungumze siku nyingine.

Lipo jambo moja ambalo skani haitakuambia kamwe, na ndilo litakaloamua kama yule fundi ana haki ya shilingi 30,000. Kwenye "Virus & threat protection", ingia "Manage settings", shuka hadi chini penye "Exclusions". Hapo ni orodha ya sehemu ambazo mlinzi ameambiwa asizitazame. Inatakiwa iwe tupu. Wanaoweka AutoKMS huandika humo folda ya zana yao, na hilo linafutika, unaskani upya, yanaisha. Lakini ukikuta imeandikwa C:\ peke yake, mlinzi wako hajawahi kupekua nyumba, na hizo 4 ni zilizobahatika kuonekana. Hapo kupiga Windows upya ni halali yako. Vilevile kama skani ya Offline inaondoa kitu na kesho kimerudi bila flashi yoyote kuguswa, au ukikuta majina kama Virus:Win32/Sality au Virus:Win32/Ramnit, yanayojipandikiza ndani ya programu zako zenyewe. Hizo huwezi kuzichambua mojamoja ukamaliza.

Ukinijibu, usinitumie picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikakatwa nusu. Fungua kila mstari kati ya ile minne, nakili njia ya faili nzima kuanzia herufi yake ya kwanza, uibandike kwenye ujumbe, na uniambie kilichomo kwenye "Exclusions". Ya Jenxcus itangulie.